Nusu mwaka na wakala wa bendi hapa Mwanza: uzoefu wangu

Tuko saba. Mimi napiga besi, mchana nauza vipuri vya injini za mitumbwi Kirumba. Mpiga solo ni mwalimu wa sekondari, wa kinanda kalelewa na kwaya, mpiga drams ana bodaboda yake. Mazoezi tunafanya Jumanne na Alhamisi usiku huko Mabatini, kwenye stoo ambayo mwenye nyumba anatuachia kwa sharti moja tu: ikifika saa nne, kimya. Bendi ya hivi haina mtu wa kushinda na simu akisaka kazi, ndiyo maana Desemba 2025 tukakubali kufanya kazi na wakala. Jina lake silitaji, mji ni mdogo na bado tunasalimiana.

Tulikubaliana hivi: kila kazi anayoleta anachukua asilimia 15, mteja analipa advansi nusu kabla ya siku, usafiri wa vyombo ni juu yetu. Kwa mdomo. Hakuna karatasi.

Nianze na alichotufanyia vizuri, maana kipo. Kwanza alitukataza kutuma nyimbo tulizorekodi studio. Alisema kamati ya harusi haisikilizi wimbo, inaangalia kama watu wameinuka vitini. Basi tukachukua video ya dakika moja kwa simu, bila kukatakata, sebene limekolea na mama mmoja wa makamo kavua viatu anacheza navyo mkononi. Video hiyo imetuletea kazi nyingi kuliko rekodi zote tulizowahi kulipia. Pili, alitusukuma tumalize usajili wa bendi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, jambo ambalo tulikuwa tunalipiga danadana miaka miwili. Hoteli zenye mhasibu huulizia karatasi kabla hazijakuuliza mnapiga nini.

Tatu, alituokoa Februari. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja, na mtu wa bendi anajua hapo harusi zinakatika kama umeme. Yeye akatupatia Ijumaa za jioni kwenye baa moja ya ufukweni upande wa Ilemela: saa nne za kupiga, laki nne na sahani ya sato. Ukigawa kwa saba, ukatoa na kirikuu ya kubeba spika, ni hela ya mboga. Ila tulipona. Tulipunguza sebene, tukapiga rumba la taratibu la watu wanaoongea. Shida ilikuwa upepo wa ziwa, unaingia kwenye maiki kama mtu anakung'uta mkeka. Mwimbaji wetu wa kike alivalisha maiki soksi ya mtoto, ya pinki, na ndivyo tulivyopiga mpaka Pasaka.

Hapo ufukweni ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Wateja walikuwa wanatuza, noti inabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji kama kawaida. Usiku mmoja wakala akaomba asilimia zake hata kwenye tuzo. Mwimbaji akaitoa noti ya elfu tano usoni, imelowa, akamnyooshea: "Shika, ila onja kwanza, ina chumvi yangu." Hakuishika.

Halafu ikaja harusi ya Sengerema. Siku hizi kazi za ng'ambo ile tunazipenda. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, kwenda Sengerema na vyombo ilikuwa kupanga foleni ya kivuko na kuomba Mungu, na kurudi ni kesho yake. Sasa tunapita na kirikuu yetu saa tisa usiku, asubuhi saa mbili niko dukani.

Tuliambiwa mteja analipa 1,200,000. Wakala alishakata chake, 180,000, sisi tukabaki na 1,020,000. Tumemaliza kupiga, nakunja waya, mhazini wa kamati akaniita. Mama mtu mzima, kilemba, miwani ya kusomea, kashika kaunta buku. "Mwanangu, njoo usaini hapa nifunge hesabu." Nikatazama: keki, mapambo, MC, ukumbi, kisha kwa kalamu nyekundu, bendi 1,800,000.

"Mama, hela hii mimi sijaiona."

Akavua miwani. "Kwa hiyo nani kaiona?"

Laki sita, na bado juu yake alitukata asilimia 15. Tulipomkalisha wakala, alirudisha laki tatu, nyingine akasema ni gharama za ofisi. Ofisi yenyewe ni kiti cha pili kwa kinyozi, naifahamu, nimenyolewa pale.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu. Kazi za harusi sasa tunazipata kwa ma-MC. MC huingia kwenye vikao mapema, bajeti ikiwa bado inajadiliwa, na swali la "unaijua bendi nzuri?" anaulizwa yeye. Anayetuletea kazi tunampa elfu hamsini, mbele ya kamati, bila kificho. Wapishi nao usiwadharau, na msimamizi wa ukumbi mpigie simu hata kama huna shida naye. Bei tunamtajia mteja wenyewe, na kirikuu tunaiandika mstari wake, maana Igoma ya hapa mjini si Sengerema.

Wakala hatujamfukuza. Hoteli za mjini na sherehe za maofisi bado anazijua kuliko sisi, na huko mtu wa kubembeleza malipo yanayochelewa miezi miwili ana faida yake. Ila sasa kuna karatasi moja, saini tatu: mteja, bendi, wakala, na kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ipo, inasubiri ile laki tatu iliyobaki.