Kamera ya mfukoni yenye zumu ndefu: ipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Namba ya kwanza utakayotajiwa dukani, iwe Mwanjelwa au Kariakoo, ni ya zumu. Hii inavuta mara 40, ile mara 30. Muuzaji hadanganyi, lakini namba hiyo peke yake haikwambii kamera inafika wapi. Ni urefu wa mwisho wa lenzi uliogawanywa kwa urefu wake wa mwanzo, basi. Canon PowerShot SX740 HS huanzia milimita 24 na kuishia 960 (kwa kipimo cha kulinganisha na kamera za filamu ya milimita 35, kama milimita zote za lenzi humu), ndiyo hizo mara 40. Panasonic Lumix TZ95 huanzia 24 na kuishia 720, mara 30. Panasonic TZ100 huanzia 25 na kuishia 250, mara 10. Kinachokuhusu wewe ni zile milimita za mwisho, kwa hiyo uliza hizo.

Hesabu yake ni rahisi. Simama mita 50 kutoka kwa kitu. Lenzi ya milimita 200 itakuonyesha upana wa mita 9 hivi. Ya 360, mita 5. Ya 720, kama mita 2 na nusu. Ya 960, chini kidogo ya mita 2. Ukiwa Ruaha, na tembo amesimama ng'ambo ya mto mita 100 kutoka garini, milimita 720 zinatosha kumjaza kwenye picha. Kwa 960 utaanza kumkata mkonga. Mbayuwayu wa buluu wa Kitulo, kwa upande mwingine, ni mdogo kiasi kwamba akiwa mita 50 hata hiyo 960 itamwonyesha kama alama tu katikati ya nyasi. Hapo dawa ni kusogea polepole na kusubiri.

Ndiyo maana siipi nafasi ya kwanza ile kamera inayovuta mbali kuliko zote. Kwa huku kwetu, hewa inaisha uwezo kabla ya lenzi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mashamba yanachomwa, vumbi limejaa, na ukitazama bonde la Usangu kutoka juu ya milima unaona utando wa kijivu. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyovuta na huo utando. Mchana wa Ruaha ardhi ikishapata moto, hewa inacheza juu yake na picha ya mbali inatoka kama imepigwa kupitia maji yanayotembea, hata kamera iwe ya bei gani. Picha za mbali zilizo safi hapa hupatikana asubuhi, au saa chache baada ya mvua kusafisha anga. Ukiwa na siku kama hiyo, 720 na 960 hazipishani sana. Usipokuwa nayo, zote mbili zinakupa ukungu.

Jambo la pili ni mwanga. Kamera hizi ndogo zikiwa hazijavutwa huwa na tundu la lenzi la f/3.3 hivi, na zikivutwa hadi mwisho hushuka hadi f/6.4 au f/6.9 (namba ikipanda, tundu linapungua). Kutoka 3.3 hadi 6.9, mwanga unaoingia unabaki chini ya robo. Ongeza na kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga ndani ya kamera: katika nyingi kati ya hizi kina eneo la milimita za mraba 28 tu. Kuna aina chache zenye kile kinachoitwa cha inchi moja, chenye milimita za mraba 116, mara nne zaidi. Kanisani, ukumbini jioni, au ndani ya msitu wa Rungwe, hiyo mara nne ina thamani kuliko zumu yoyote. Kipunji, yule kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, anakaa juu kwenye vilele vya miti ambako chini yake kuna kiza hata saa sita mchana. Ukimvuta kwa kamera ya kihisi kidogo utapata umbo lenye chengachenga.

La tatu ndilo watu wanalolidharau zaidi: tundu la kuchungulia. Jua la mita 2,600 juu ya usawa wa bahari ni kali, na skrini inageuka kioo cha kujiangalia uso. Ukiwa umevuta hadi 720, ukisogeza mkono kidogo tu kitu kinatoka kwenye picha, na ukishakipoteza kukitafuta upya kwenye skrini isiyoonekana ni kazi. Kamera yenye tundu la kuchungulia unaiweka jichoni, viwiko unavibana kifuani, uso wenyewe unakuwa mhimili wa tatu. Kituliza mtikisiko cha ndani ya lenzi kinasaidia, na zote ninazozitaja zinacho, ila hakiwezi kufanya kazi ya mwili uliosimama vizuri.

Sasa zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Panasonic Lumix TZ95, ambayo Marekani huuzwa kwa jina la ZS80. Ilitoka 2019. Ina 24 hadi 720, tundu la kuchungulia linaloonyesha vizuri kuliko la TZ90 iliyoitangulia, skrini ya kugusa inayopinduka juu, na inahifadhi picha ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) kwa anayetaka kuzisafisha kwenye kompyuta. Betri yake imekadiriwa picha 380 kwa kutumia skrini, na inachajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB, hivyo pawabenki au chaja ya gari inatosha. Udhaifu wake ni kihisi kidogo. Jua likishazama iweke mfukoni. Lakini kwa mtu anayetaka kamera moja ya Ruaha, Kitulo, Matema na mahafali ya mtoto, hakuna inayopatanisha mambo mengi namna hii. TZ90 ya 2017 ni mbadala mzuri ukiikuta kwa bei ya chini. Kinachopungua hasa ni ubora wa hilo tundu.

Ya pili, na kwa baadhi ya watu ndiyo ya kwanza, ni Panasonic TZ200, au ZS200. Hii ina kihisi cha inchi moja na lenzi ya 24 hadi 360. Ilipotoka 2018 iliuzwa karibu dola 800 huko Marekani, mara mbili ya Canon niliyoitaja juu, na bado hata iliyotumika haishuki sana. Kama kazi yako ni harusi, kipaimara, kwaya na mikutano, au unaandika habari na unahitaji picha ya mgeni rasmi ukiwa umekaa nyuma, nunua hii na usihangaike na mara 40 za mtu. Milimita 360 zinamfikia mzungumzaji wa jukwaani kutoka safu ya mwisho, na ngozi ya uso wake itaonekana. Kwa wanyama wakubwa wa Ruaha inatosha pia, kwa sababu picha yake unaweza kuikata katikati na bado ikabaki na maana. Kwa ndege haitoshi. Sifa nyingine ni mandhari: ukipiga Daraja la Mungu pale Kiwira, kwenye kivuli cha mwamba na maji yenye mwanga kwa pamoja, kihisi kikubwa kinashika pande zote mbili vizuri zaidi.

Ya tatu ni Sony HX99. Gramu 242 tu, yenye 24 hadi 720. Hakuna nyepesi yenye urefu huo niliyo tayari kumshauri mtu anayepanda Rungwe kwa miguu. Tundu lake la kuchungulia hufyatuka juu ukilihitaji, na inatumia memori kadi ndogo kama za simu, ambazo unazipata hata kwenye kibanda cha stendi. Nimeishusha hadi ya tatu kwa sababu ya udogo wake huohuo: mkono wenye glavu asubuhi ya Makete hauwezi kubonyeza vitufe vile, na tundu lenyewe ni finyu kwa anayevaa miwani.

Ya nne ni Canon SX740 HS, ile ya mara 40. Menyu yake ni rahisi kuliko zote, rangi za ngozi zinatoka vizuri bila kuhangaika, na ikiwa haijavutwa inaweza kupiga kitu kilicho sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, jambo ambalo mpenda okidi wa Kitulo atalishukuru. Skrini inapinduka hadi ikutazame. Ila haina tundu la kuchungulia kabisa, haihifadhi picha ghafi, na betri imekadiriwa picha 265. Kumpa mtu milimita 960 kisha kumwambia azishike kwa mikono iliyonyooshwa mbele, juani, ni kumnyima nusu ya alicholipia. Ninampendekezea anayeanza, mwenye bajeti finyu, ambaye atapiga zaidi familia na safari kuliko ndege.

Ya tano ni Panasonic TZ99, iliyotangazwa Januari 2025. Wengi watavutiwa na upya wake. Kilichoongezeka ni chaji ya USB-C, na kilichoondolewa ni tundu la kuchungulia. Lenzi ni ileile ya 24 hadi 720. Kwa anayetaka kamera mpya yenye dhamana ni chaguo salama, ila sioni sababu ya kuilipia zaidi ya TZ95 iliyotunzwa.

Sony RX100 VII sijaiweka kwenye safu. Ni kamera bora mno, lakini inaishia milimita 200. Mwenye simu kama Samsung Galaxy S23 Ultra tayari ana lenzi halisi ya milimita 230 hivi mfukoni. Kama unachotafuta ni kufika mbali, hiyo fedha itakusogeza kidogo sana.

Na kuna zile kamera zisizo na jina zinazotangazwa mitandaoni kwa bei ya kutupa, megapikseli 64, zumu mara 16 au 18. Nyingi hazina lenzi inayotembea kabisa. Zinachukua picha ya kawaida na kuikuza, kazi ambayo simu yako inafanya bure. Uliza swali moja: lenzi inatoka nje ikivutwa? Kama haitoki, na muuzaji anarudia maneno "zumu ya dijitali", ondoka.

Nyingi utakazozikuta sokoni zimetumika. Hilo si tatizo, ila zikague kwa makini, kwa sababu lenzi ya namna hii ina vipande vinavyoingiliana na haijazibwa dhidi ya vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu likiingia ndani halitoki kwa kupuliza. Lenzi haifunguki, na fundi atalazimika kuibomoa. Omba muuzaji akuruhusu utoke nayo hadi mlangoni. Iwashe na kuizima mara kadhaa huku ukiisikiliza: mlio laini ni sawa, mlio wa kusaga au lenzi kusitasita njiani ni kuiacha hapohapo. Kisha vuta hadi mwisho na upige picha ya anga tupu au ukuta mweupe. Vumbi lililoko kwenye kihisi huonekana hasa hapo, kama madoa ya kijivu yanayobaki mahali palepale katika kila picha. Baada ya hapo tafuta kitu cha mbali chenye mistari. Ukiwa Mbeya mjini, minara iliyoko juu ya Loleza ni kipimo kizuri; ukiwa Iringa tafuta bango la mtaa wa pili. Piga kadhaa, zikuze kwenye skrini, na linganisha kona ya kushoto na ya kulia. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine uko sawa, lenzi imepinda, pengine iliwahi kuanguka.

Fungua pia menyu. Kamera nyingi za Sony na Panasonic zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina Kijapani pekee, na hakuna mahali pa kubadili lugha. Zinakuja nchini kwa njia mbalimbali na bei yake huwa nzuri. Kama huwezi kusoma menyu, usinunue. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye namba ya kamera na muda wa majaribio uandikwe juu yake, hata kama ni wiki moja, kwa maana kasoro nyingi za lenzi hujitokeza siku za mwanzo.

Bajeti iache nafasi ya betri ya pili. Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe, Makete na Kitulo baridi inapunguza nguvu ya betri kwa kiasi kinachoonekana wazi. Moja ikae kwenye kamera na nyingine kwenye mfuko wa ndani wa koti, uzibadilishane. Ukirudi kwenye nyumba yenye moto, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa zipu mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu utagandia ndani ya lenzi na baada ya miezi kadhaa utaona utando wa kuvu. Kwa video za 4K chagua memori kadi yenye alama ya U3. Kadi bandia ni nyingi, hivyo ijaze yote kwa video siku uliyoinunua kisha uangalie kama faili zote zinafunguka, kabla hujaenda nayo kwenye harusi ya mtu.