Gadi ya friji, saji na ethi: nilivyojikinga na radi za Bukoba

Wateja wakiiona ile gadi nyeupe nyuma ya friji ya soda huniuliza kama ndiyo inayozuia radi. Haizuii. Hapa Bukoba mtu anaweza kumaliza pesa kwenye vifaa vya kuchomeka ukutani na radi bado ikamkuta mtupu, kwa kuwa hakuna aliyehangaika na waya wa ethi, ule unaoshusha umeme ardhini.

Mimi nina stesheneri. Kuna mashine ya kopi, printa, kompyuta ya kuchapia barua za watu, na hiyo friji. Mashine ya kopi ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo suala la umeme silifanyii mzaha.

Gadi niliinunua kwa shilingi 35,000 na kwa kazi yake naipa alama zote. Ya kwangu inakata umeme ukishuka chini ya volti 185 au ukipanda juu ya 260, na ukirudi inasubiri kama dakika 3 ndipo iruhusu friji kuwaka. Kwa umeme wetu wa msimu wa mvua, unaokatika, ukarudi mdogo, kisha ukapanda ghafla, kompresa inapona. Ila ndani yake kuna swichi inayovutwa na koili, na kuvutwa huko kunachukua muda. Msukumo wa radi ukiingia kwa nguzo unamaliza mambo yake gadi ikiwa haijashtuka. Na hata ingeshtuka, uwazi wa milimita chache kati ya vyuma viwili ni kitu gani kwa radi iliyoruka kutoka mawinguni?

Ile ekstensheni ya 15,000 iliyoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba inakinga radi, achana nayo. Niliifungua kwa bisibisi palepale kaunta: vijipande vya bati, kitaa cha swichi, na waya mbili. Waya wa tatu, wa ethi, haukuwepo kabisa, tundu lake lilikuwa pambo. Yenye kinga ya kweli utakuta ndani kidude bapa cha duara, mara nyingi cha buluu, chenye miguu miwili.

Huduma iliyonifaa ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, niliyeelekezwa na jirani. Nilimwita aweke saji protekta, yaani kinga ya msukumo wa umeme, kwenye DB, kile kisanduku cha breka, yeye akaanza kwa kuzunguka nyuma ya duka. "Mama, ethi yako iko wapi?" Nikamwonyesha waya wa kijani unaozama ardhini. Akauvuta kwa vidole viwili, ukatoka na kipande cha nondo ya ujenzi kisichofika urefu wa mkono wangu. Aliyejenga alikuwa ameweka ethi ya kuonekana.

Saji haimezi radi. Volti zikipanda kupita kiasi, inafungua njia kwa muda mfupi sana ili msukumo ushuke ardhini badala ya kupita kwenye printa. Sasa kama ethi yenyewe ni kinondo kwenye udongo mkavu, unashukia wapi? Rodi ya shaba ya mita moja na nusu ilipigwa nyundo ikagoma ikiwa bado inanifika magotini, maana chini huku ni mwamba. Wapo mafundi ambao wangekata kilichobaki juu, wakafukia na kudai chao. Huyu alichimba mtaro kuelekea kwenye migomba ya jirani, kwa ruhusa yake, kule wanakomwaga maji ya kuogea na udongo haukauki. Akalaza waya mnene wa shaba, akapiga rodi mbili zaidi akiziachanisha. Kisha akatoa kipimo. Ethi ya zamani ilikuwa imesoma omu 160, na omu zikiwa chache ndipo msukumo unashuka ardhini kwa urahisi. Mpya ilisoma 14. Alinionyesha kioo cha kipimo bila kuombwa.

Waya za kuunganishia saji alizikata fupi, hazikufika nusu mita. Nikamuuliza mbona hazikuzungushwa vizuri kama za kwenye picha. "Mama, radi haipendi kona." Kila kipande cha waya kinachozidi kinaongeza volti zinazobaki kwenda kwenye mashine.

Saji ina kidirisha: kijani ni nzima, nyekundu imekufa. Masika iliyopita, baada ya alfajiri moja ya ngurumo zisizopumzika, nilikuta nyekundu. Nyumba mbili za jirani zilipoteza tivii na king'amuzi asubuhi hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimechomoa kila kitu isipokuwa friji, kwa hiyo kwa haki ninachoweza kusema ni kwamba friji ilipona. Mashine ya kopi iliokolewa na mkono wangu, bure. Radi za huku hupenda alfajiri: usiku ziwa linabaki na joto, pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji, mawingu yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unatuletea sisi. Ndiyo maana plagi huchomolewa wakati wa kufunga duka. Usingoje ngurumo zianze ndipo ukimbilie soketi, na usidhani kuzima swichi kunatosha. Waya wa ungo wa tivii nao uchomolewe, maana huo unatoka juu ya paa moja kwa moja na saji ya kwenye DB haiuoni.

Alikuja pia muuza mlingoti wa radi, kichwa chake kinang'aa kama kombe la ligi, akidai kichwa hicho kinaiwahi radi na kulinda mita 80 kila upande, kwa milioni 3 na ushee. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, hakikubali hesabu hiyo ya kichwa "kinachoiwahi" radi. Kinahesabu vipimo halisi vya chuma kilichosimama pale. Nikamshukuru, akaenda zake.

Kitu ambacho sikukifikiria na fundi akakisisitiza ni breka ya umeme unaovuja, ya miliampea 30. Sababu yake ni senene. Ikifika Novemba watu wanatega usiku: taa kali, mabati, mapipa, na waya uliofungwa selotepu ukilala kwenye majani mabichi huku mvua inanyesha. Kijana wa jirani huomba umeme kwangu. Sasa anapewa kupitia breka hiyo, na msimu uliopita ilimkatia mara kwa mara akalalamika mno. Niliposhika waya wake na kuona shaba iko wazi, nilimwambia breka imemhurumia kuliko anavyojihurumia yeye.

Mtu mwenyewe, hasa aliye nje, hakingwi na radi na chochote nilichokitaja hapa. Juni 2011, ng'ambo ya mpaka huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya. Wanaojikinga mvua barazani kwangu nawaingiza ndani, wasiegemee geti la chuma. Ukiona mwanga, hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Bibi yangu angekuambia pia ufunike kioo kwa kitenge na uvue nguo nyekundu. Haidhuru, ila haisaidii.

Saji 85,000, rodi na waya wa shaba 140,000, breka 45,000, ufundi 80,000. Jumla 350,000. Fundi nampa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeibakiza kwa kuwa alichelewa, akaacha mtaro wazi hadi mbuzi wa jirani akatumbukia, na hakuandika popote kipimo cha ethi. Nimekiandika mwenyewe kwa maka peni ndani ya mlango wa DB. Katriji ya saji, kile kipande kinachobadilishwa kidirisha kikiwa chekundu, haipatikani hapa kirahisi. Agizeni Mwanza ije na meli, na mchukue mbili kabisa.