Korosho za Mtwara na neno "crispy" kwenye pakiti

Duka ninalolizungumzia ni dogo, lipo karibu na soko kuu la Mtwara Mjini, na biashara yake ni korosho peke yake: za chumvi, zisizo na chumvi, na zile zilizovikwa unga wenye pilipili. Pakiti za aina zote tatu zimeandikwa "crispy" kwa herufi kubwa kuliko neno korosho lenyewe. Kwa kuwa neno la namna hiyo ni ahadi kwa mnunuzi, nimeona ni haki bidhaa hizi zipimwe kwa ahadi hiyo.

Wenye lugha yao hulitumia neno "crispy" kwa chakula kikavu chenye umbo au tabaka jembamba, ambacho huvunjika mara tu meno yanapokigusa na kutoa mlio mkali wa ghafla, kwa mfano ngozi ya kuku aliyekaangwa ikakauka vizuri. Kitu kinene na kigumu zaidi, kama karoti mbichi au karanga, ambacho hutafunwa kwa mlio mzito unaoendelea, wao hukiita "crunchy". Mlio huo si pambo. Mwaka 2004 watafiti Massimiliano Zampini na Charles Spence walichapisha jaribio ambalo washiriki walitafuna vipande vya viazi huku wakisikia mlio wa meno yao kupitia vipokea sauti vya masikioni. Sauti kali zilipoongezwa, vipande vile vile vilihukumiwa kuwa vikavu na vipya zaidi.

Kwa kipimo hicho, korosho za unga wa pilipili ndizo pekee zinazostahili maandishi ya pakiti yake. Ganda la unga ni jembamba, limekaangwa bila kuachwa na mafuta mengi, na huvunjika kabla meno hayajaifikia korosho ya ndani; pilipili nayo huja baadaye, taratibu, bila kuua utamu. Zisizo na chumvi ni nzuri kuliko zote kwa ladha, zimeokwa hadi rangi ya dhahabu hafifu na hazina hata punje moja iliyoungua, ila ni za kutafuna kwa mlio mzito, hivyo neno la haki kwake lingekuwa "crunchy".

Za chumvi ndizo zilizonisikitisha. Zilikuwa zimelegea, na sababu yake haikujificha: chumvi huvuta unyevu, hewa ya mji huu wa pwani imejaa unyevu, na pakiti ni nailoni nyepesi iliyofungwa kwa moto wa mshumaa, ikiwa na matundu madogo pembeni. Korosho zinazopelekwa soko la nje hutakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 5; zikifungwa ovyo baada ya kukaangwa, kazi yote ya kuzikausha hupotea. Na kazi yenyewe si ndogo hata kidogo, kwani ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na akina mama wanaobangua kwa mikono hulazimika kujipaka majivu au mafuta ili wasibabuke. Jasho la namna hiyo linastahili pakiti nene, iliyozibwa kwa mashine na kuandikwa tarehe ya kukaangwa, ambayo sikuiona kwenye pakiti yoyote.

Ningependa pia mwenye duka afikirie upya lugha ya pakiti zake. Wanunuzi wengi niliowakuta pale ni watu wa hapa hapa, ambao watoto wao hununua kaukau za mihogo na viazi mtaani na wanajua barabara kitu kikavu kau kinavyopaswa kuvunjika mdomoni. Maneno "kavu kau, zenye ganda la pilipili" yangewaambia zaidi ya neno la Kiingereza lililobandikwa kwenye aina tatu zisizofanana. Mgeni anayejua Kiingereza naye akifungua zile za chumvi atahisi amedanganywa, ingawa naamini hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Huduma ni ya heshima, na muuzaji hukuonjesha kabla hujalipa. Anayekwenda achukue zisizo na chumvi na za pilipili, aombe zilizokaangwa siku hiyo, na akifika nyumbani azihamishie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana.