Usaili wa vitendo kwa wasanidi programu jijini Mwanza: tathmini ya huduma ya wakala mmoja wa ajira

Kampuni yetu hutengeneza mfumo wa stakabadhi kwa wafanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Tulipohitaji msanidi programu mpya, tulimtumia wakala wa ajira wa hapa jijini ambaye huwapima waombaji kwa usaili wa vitendo kabla ya mahojiano. Huduma yake inastahili kulipiwa, mradi zoezi litokane na kazi ya mwajiri mwenyewe.

Zoezi alilotuletea kwanza lilikuwa mafumbo ya kupanga namba, ambayo aliyekariri huyajibu upesi na ambayo kwetu hayana kazi. Tulilikataa, tukampa kipande cha mfumo wetu, kikiwa kimeondolewa taarifa za wateja, chenye hitilafu inayowasumbua makarani wa mizani: mtandao ukikatika wakati wa kutuma, gunia moja huandikwa mara mbili. Mwombaji mwenye wasifu mnono kuliko wote alianza kuandika upya programu nzima hadi muda ukamwishia. Mwingine, ambaye wasifu wake haukujaza hata ukurasa, alizima kwanza intaneti ili aione hitilafu ikitokea, kisha akaifanya simu ya karani itoe namba ya stakabadhi kabla ya kutuma, ili seva ikiipokea namba ileile tena isiandike gunia jipya. Huyo ndiye tuliyemwajiri, na sidhani kama vyeti vingemfikisha mbele yetu.

Hata hivyo, wakala anaisifu mno bidhaa yake. Hupenda kutaja uchambuzi wa Schmidt na Hunter, watafiti wa mbinu za kuajiri, wa mwaka 1998, ulioupa usaili wa vitendo uwiano wa 0.54 na ufanisi kazini (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kuhusiana kikamilifu), ilhali miaka ya uzoefu ilipata 0.18 tu, lakini hataji kwamba watafiti wengine, Sackett na wenzake, mwaka 2022, waliushusha uwiano huo wa usaili wa vitendo hadi 0.33, chini ya mahojiano yenye maswali yaliyopangwa, yaliyopata 0.42. Mahojiano ya namna hiyo hayamo katika huduma yake, ikabidi tuyaandae wenyewe.

Usahihishaji ulikuwa mzuri: wasahihishaji wawili, majina yamefichwa. Kilichoniudhi ni namna alivyowatendea waombaji. Alitaka wafanye zoezi mwishoni mwa wiki bila malipo, mpaka tukashikilia kwamba liwe la saa mbili na kila mmoja apewe posho, wakiwemo waliovuka kwa meli kutoka Ukerewe. Waliokosa nafasi hawakuandikiwa chochote. Barua zao tuliziandika sisi.