Hita ya PTC na hita ya waya kwenye mfereji wa hewa

Feni ya mfereji ikisimama ndipo tofauti ya hita hizi mbili inapoonekana. Ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme) wa waya wa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu, haubadiliki sana, hivyo umeme unaendelea kupita. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto na vumbi lililotua juu yake linaungua. Usalama wote umebaki kwa swichi ya joto.

PTC, yaani hita ambayo ukinzani wake hupanda joto likizidi, ina vigae vya kauri ya bariamu titaneti. Vikifika kiwango chao cha joto, ukinzani hupanda ghafla na mkondo hushuka wenyewe. Ila ikiwashwa ingali baridi huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Fyuzi na nyaya zichaguliwe kulingana na mkondo huo. Mapezi yake ya kutoa joto yakiziba kwa vumbi, joto hupungua, na mafundi hudhani imekufa. Isafishe kwanza!

Kwa joto kali sana, tumia nikromu.