Programu ya kudrafti iliyoninyima Estêvão kwa sababu ya kofia

Nyota moja. Na hiyo moja nimeiweka kwa kuwa haikubali uache patupu.

Jina lake silitaji. Anayeitumia ataijua: ni ile ya kudrafti timu za fantasi za ligi ya Uingereza (unachagua wachezaji halisi, wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi) ambapo unabaki na wachezaji wako mwaka hadi mwaka, unalipia kwa simu, na chini kabisa kuna kitufe cha Huduma kwa Wateja ambacho wangekifuta tungeishi kwa amani zaidi. Tuliihamia watu kumi wa hapa Moshi kabla msimu wa 2025/26 haujaanza. Tangu usiku wa kudrafti nina kinyongo kisichoisha. Mke wangu alifikiri ni drafti ya vizibo. "Mtu mzima unanuna siku tatu umeliwa kete?" Ningeliwa kete ningepanga upya asubuhi.

Hapa hakuna kupanga upya, na hilo ndilo wale jamaa hawalielewi. Fantasi ya wengi unapewa milioni 100 za kufikirika, unanunua watu 15, na Haaland mnaweza kuwa naye mtaa mzima. Ya kudrafti haina bei. Mnakaa, mnachagua kwa zamu, akishachukuliwa na mmoja basi. Ile ya ligi yenyewe inayo drafti pia, ya bure, lakini kila msimu mnaanza sifuri. Yetu haianzi sifuri. Mchezaji ni wako mpaka umbadilishane na mwenzako au umwache. Kwa lugha ya hapa kwetu, ni kihamba, shamba la migomba la kurithishana. Na mtu hapokei kihamba kwa kuhesabu mikungu iliyopo leo. Anaangalia udongo, mfereji unapita wapi, na wajukuu watajenga upande upi.

Tulianza na kauntabuku, msimu ule Samatta alipokwenda Aston Villa. Nakumbuka kwa sababu mmoja wetu, fundi cherehani wa Majengo, alimwandika Samatta Januari ile ile ya 2020 kabla hajagusa mpira, akasema huyu namrithisha mwanangu. Bao moja la ligi, dhidi ya Bournemouth, na Septemba mtu yuko Fenerbahçe. Tulicheka, lakini tulicheka kwa heshima. Alichagua mwenyewe. Kosa lilikuwa lake, alilibeba kama mwanaume.

Kauntabuku lilikuwa na kasoro zake, sikatai. Lilimwagikiwa mtori. Ukurasa wa mabeki ulikuwa umenata mpaka ukiufungua unatoka na jina la mtu. Lakini ukikosea kuandika, unapiga mstari, watu watatu wanaweka sahihi, maisha yanaendelea. Weka akilini hilo la mstari na sahihi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, jioni, kwa yule mama wa mtori karibu na soko la Mbuyuni. Simu kumi mezani, chaja zimebanana kwenye ekstensheni moja, bando kila mtu kanunua lake. Zamu zinakwenda kama nyoka: wa kwanza hadi wa kumi, kisha wa kumi anaanza mpaka wa kwanza. Nilikuwa wa tatu. Wa kwanza akamchukua Haaland, mkataba wake City ni mpaka 2034, hapo hakuna la kujadili. Wa pili ni shemeji yangu, Chelsea damu, akamchukua Palmer. Mimi Saka. Kuna mzee mmoja wa Kiboriloni, tunamwita Meku, yeye alimchukua Salah mzunguko wa kwanza, miaka 33. Akaulizwa kuhusu kesho. "Mabao 29 na asisti 18 msimu mmoja. Kesho mtaniambia nyie mtakaokuwepo." Hakuna aliyejibu.

Mzunguko wa pili nikapata Wirtz. Tuache kwa leo. Wa tatu Saliba. Wa nne ndio ulikuwa wangu hasa, ule niliokuwa nausubiri tangu Julai, usiku wa Kombe la Dunia la klabu, Palmeiras na Chelsea, saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Watu wote wamelala, mimi nimekaa na blanketi, nikamwona mtoto wa miaka 18 anaifunga klabu ambayo tayari ilishamnunua. Nikasema huyu. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu, aliyeamka kuuliza nani anapiga kelele, nilimwambia ni jogoo.

Kwa hiyo zamu imefika, na Estêvão, mtoto yule wa Palmeiras aliyenunuliwa na Chelsea, yupo. Watu 37 wamekwenda, hajaguswa. Baada yangu anakuja shemeji, maana nyoka anarudi. Sekunde 90 zinaanza kuhesabu. Nikaandika Estevao, nikabonyeza Tafuta.

Hakuna matokeo.

Nikafuta. Nikaandika tena taratibu, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Hakuna matokeo. Jasho. Nikaingia orodha ya Chelsea nzima, na hiyo Chelsea mnaijua, ina wachezaji kama abiria wa stendi kuu siku ya tarehe 23 Disemba. Wamepangwa kwa pointi za msimu uliopita. Mgeni hana pointi za msimu uliopita, kwa hiyo yuko chini ya wote, chini ya kipa wa tatu. Nateremsha kidole, nateremsha, picha hazifunguki, jirani ananiuliza kama nimekwama, namwambia nyamaza. Nimefika kwenye makipa, sekunde zimekwisha. Na programu, kwa wema wake, ikanichagulia. Ikaona sina mshambuliaji, ikaangalia waliobaki nani alikuwa na pointi nyingi mwaka jana, ikanikabidhi Danny Welbeck wa Brighton.

Sina ugomvi na Welbeck. Ni mtu mwema, na mabao kumi ya ligi msimu uliotangulia si haba. Lakini Welbeck alizaliwa 1990. Estêvão alizaliwa Aprili 2007, na mwaka uliofuata Welbeck alikuwa anaichezea Manchester United mechi yake ya kwanza. Nimekwenda kutafuta shina la mbuni, nimerudi na gunia la kahawa iliyokwisha kukaangwa.

Shemeji hakuandika kitu. Yeye alikuwa ameshamweka Estêvão kwenye orodha yake ya akiba, ile ya wachezaji unaowataka, tangu nyumbani, akabonyeza mara moja, akanywa mtori. Nilipopata pumzi nikamuuliza wewe umempataje. Akanionyesha. Jina limeandikwa na kofia juu ya e, na kimawimbi juu ya a. Mfumo hauitambui e isiyo na kofia. "Ungeandika Est tu, shem, angetokea." Kweli angetokea. Nimejaribu baadaye. Herufi tatu. Lakini nani anaandika herufi tatu za jina la mtu aliyemwota mwezi mzima?

Naijua hoja yao na nitaisema kabla hawajaisema: nilitakiwa niweke orodha ya akiba mapema. Sawa. Niliogopa kumwandika popote nisije nikachunguliwa. Hilo ni langu. Ila ligi ya Uingereza ina Ødegaard, ina Gyökeres, ina Šeško, ina Guéhi. Ukiunda programu ya ligi hiyo kwa watu wa Kiswahili, ambao kwenye kibodi zetu hakuna kofia hata moja, jambo la kwanza la kufikiria lingekuwa nini?

Mwenyekiti wetu akajaribu kurudisha nyuma. Haiwezekani. Mchezaji anayefuata akishachaguliwa, mwenyekiti hana mamlaka, hana kitufe, hana lolote, cheo ni jina tu. Mstari na sahihi tatu za kauntabuku zingemaliza jambo ndani ya dakika. Tukapiga kura ya mikono kama shemeji aniachie kwa hiari, sita wakasema ndiyo, shemeji akasema katiba haina kipengele cha huruma. Katiba niliichapisha mimi, steshenari, kurasa nne, kwa pesa yangu.

Jumatatu nikapiga simu Huduma kwa Wateja.

Dada akapokea, sauti nzuri, karibu kaka nikusaidie nini. Nikaeleza yote: zamu, kofia, sekunde, Welbeck. Nilieleza vizuri, kwa adabu, sikupaza sauti. Akasubiri nimalize, akaniuliza: "Kwa hiyo kaka, mkeka wako umechanika?"

Nikamwambia dada, mimi sibeti. Hakuna mkeka. Hii ni ligi ya marafiki, ya miaka mingi, hakuna hela inayowekwa.

"Sasa kama hubeti, unalia nini?"

Nimeizungusha sentensi hiyo kichwani mpaka nimeikariri kwa pumzi zake. Nilimwonyesha tofauti ya mkeka na kihamba, nikamweleza kwamba mkeka unaisha Jumapili usiku na mimi nitakuwa na timu hii mwanangu wa kidato cha pili akiwa na watoto. Akaniambia, na hapo nilikuwa nimeshashuka kutoka kaka hadi anko: "Anko, lakini si umepewa mwenye pointi nyingi?" Kisha maoni yangu yamepokelewa, nikawa na siku njema. Baada ya siku mbili ukaja ujumbe: tatizo lako limetatuliwa. Nikafungua mbio. Welbeck yule yule, anatabasamu.

Nitende haki kidogo, maana hasira ina mwisho. Kuna vitu wamefanya vizuri kuliko kauntabuku lolote. Unaweza kubadilishana zamu za drafti zijazo, hata za misimu miwili mbele. Mchezaji akihama Uingereza haki yako haipotei. Jina linabaki pembeni kwa rangi ya kijivu, akirudi ligi ni wako. Kwenye kauntabuku tungegombana mpaka misa ya Jumapili. Pointi zinaingia zenyewe, hata zile mpya za ulinzi, mbili kwa beki anayefikisha vitendo kumi. Zamani tungezihesabu vipi, kwa njugu? Kwa hayo nilitaka kupandisha nyota ziwe tatu. Nilikuwa nimeshazibonyeza.

Halafu Septemba Welbeck akaenda Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, akafunga mawili. Brighton 3, Chelsea 1. Oktoba akaifunga Newcastle mawili tena. Nilikuwa kileleni mwa ligi yetu. Mimi! Simu ikajaa: "Ishukuru programu." "Mfumo una akili kuliko wewe." Mama wa mtori, ambaye hajui Brighton ni mji au sabuni, akaniambia kumbe walikuchagulia vizuri baba. Na ndipo hasira ikarudi yote na riba. Kushinda kwa kuchaguliwa si kushinda. Ni kama mtu akuchumbie mke kwa makosa, kisha mtaa mzima ukusifu kwa jicho lako. Kati ya hizo mechi mbili, siku ya Chelsea na Liverpool, dakika za nyongeza zimeshaingia, 1-1, mpira unapita mbele ya lango, anatokea mtoto yule nguzo ya mbali anausukuma ndani. 2-1. Shemeji alinipigia, hakusema neno, aliniwekea tu kelele za kibanda umiza sikioni dakika nzima.

Pointi tano za bao la kiungo. Tano zake mwaka huu, na za 2030, na za 2035.

Nimerudisha nyota moja. Usiihamie, kauntabuku linatosha. Au ihamie kama mko wengi na hamna mtu wa hesabu, lakini weka orodha yako mapema, andika herufi tatu tu, na ukipiga simu usiseme unatokea ligi ya marafiki. Kwa kweli sijui nisemeje, kwa sababu msimu ujao nimeshaulipia. Elfu tano, nikiwa wa kwanza. Timu yangu iko humo ndani, Saka yuko humo, zamu mbili za mzunguko wa kwanza nilizompokonya fundi cherehani ziko humo, siwezi kuzitoa na kuzibeba mkononi. Mwanangu amenifundisha pia: ukiikandamiza herufi e kwenye kibodi kwa muda, kofia zinatokea zenyewe, nne au tano, unachagua. Sikuyajua hayo usiku ule.

Shemeji anamuuza Estêvão, ukitaka kujua. Anataka Saka.

Jana kabla sijalala nimefungua tena, nikaandika Estevao, bila kofia, nikabonyeza Tafuta. Hakuna matokeo.