Field Papers mitaani Tandale: ramani ya karatasi kufundishia mifereji na maji taka

Kwa kuwatoa wanafunzi wa sekondari darasani waende kuichunguza Tandale, Dar es Salaam, sijapata zana inayoizidi Field Papers. Ni ya bure, na ukishafika mtaani huhitaji simu wala bando. Unafungua tovuti, unavuta fremu juu ya eneo lako, unachagua A4, nayo inakutolea PDF ya kurasa zilizogawanywa kwa gridi, kila moja na msimbo wake wa QR. Michoro inatoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukaendelea na kata nyingine za jiji, ukiwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu. Kwa hiyo vichochoro vingi tayari vimo.

Kosa la kwanza ni kuchukua eneo kubwa. Ukurasa mmoja ubebe mita 200 hadi 250 tu. Ukizidi hapo, nyumba zinakuwa nukta na mwanafunzi hana pa kuandika. Chagua ramani ya mistari. Picha ya setilaiti ikichapwa nyeusi na nyeupe steshenari, mabati yote yanageuka giza. Tengeneza PDF siku moja kabla, maana wakati mwingine inachelewa.

Kundi liwe la watu wanne: msoma ramani, mpimaji, mwandishi na muulizaji. Wape futi ya mita 5, fimbo iliyotiwa alama kila sentimita 10, penseli (kalamu ya wino huchuja kwa jasho), ubao wa kushikia karatasi, glavu na gambuti. Hakuna kuingia mferejini. Barua ifike kwa mtendaji wa mtaa mapema, na mjumbe ajue mnapita lini. Anzeni saa mbili asubuhi; saa nne na nusu jua limeshawashinda.

Kina cha mfereji ndicho kinachokosewa zaidi. Wanafunzi hupima hadi juu ya taka. Fimbo ishindiliwe mpaka igonge sakafu, kisha ziandikwe namba mbili: kina halisi na kilichobaki wazi. Sentimita 90 kwa 30 maana yake theluthi mbili zimejaa. Kwa mafuriko, muulizaji aanze na swali la mvua ya lini, la sivyo majibu ya masika iliyopita yatachanganyika na ya Desemba 2011. Kisha aulize maji yalifika kifundoni, gotini au kiunoni, na mpimaji apime alama iliyobaki ukutani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuhusu kutapisha vyoo, yaani kutoboa shimo la choo wakati wa mvua ili uchafu uende na maji. Darasani kila mtu husema watu hawana ustaarabu. Mtaani, waambie wapime upana wa kila kichochoro na kukikoleza kile ambacho gari la maji taka haliwezi kupita. Nyumba zisizofikika zinajitokeza zenyewe kwenye karatasi, nyingi zikiwa za wapangaji ambao shimo si lao na uamuzi wa kulinyonya si wao. Hapo mjadala unabadilika kabisa. Lakini msiweke alama kwenye nyumba inayotapisha, na msipige picha za watu: karatasi hiyo inaweza kumletea mtu faini.

Programu za simu za kukusanya data kama KoboToolbox ni nzuri mkiwa na mifereji mia tano ya kuhesabu. Kwa kufundisha, zinainamisha vichwa kwenye skrini, na katikati ya mabati GPS huhama mita kadhaa, mfereji ukaonekana upande wa pili wa nyumba.

Udhaifu wa Field Papers uko kwenye kurudisha karatasi, yaani kupakia picha ya ukurasa uliojazwa kwenye tovuti. Ikikunjwa juu ya QR, ikipigwa picha yenye kivuli, au steshenari wakikata pembe, mfumo hauitambui ukurasa na utalazimika kuuchora upya kwa mkono. Iskaniwe ikiwa bapa, pembe zote nne zikionekana.

Nakala safi ya A3 ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kwa wiki mbili, na penseli ifungwe kwa uzi pembeni. Wenyeji watasahihisha mielekeo ya maji mliyoikosea, hasa kwenye makalavati yanayoelekea Mto Ng'ombe.